Baba Mkwe Amegoma Kukimbilia Kwangu

Mpendwa Shangazi Lorna, naomba msaada wako kabla mvua haijatushinda, maana mimi ni mke wa watu na jambo hili siwezi kulisema kanisani. Tunaishi upande wa Kenyenya, na mtoni, juu yetu kidogo, kuna bwawa ambalo ukingo wake umeanza kuvuja, naibu wa chifu akaitisha baraza akasema kila boma lichague mahali pa juu pa kukimbilia, na kwetu mahali pa juu ni nyumba yangu, lakini baba mkwe wangu, Mzee Onsongo, aliyefiwa na mkewe, anaishi peke yake kule chini karibu na maji, na wewe unajua mila yetu Abagusii, baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa, ni ensoni, ni aibu kubwa. Juzi tulifanya mazoezi, filimbi ikapulizwa, mzee akapanda na kiti chake na redio, nikamkaribisha ndani nikidhani ataingia, kumbe alikataa akakaa nje uani, mvua ikamnyeshea huku anasikiliza matangazo ya vifo, nikampelekea chai, mimi mkaza mwana wake, akasema, "Weka hapo kwa jiwe, mokamwana. Na hiyo maji ikikuja, mimi nitabaki tu na ng'ombe yangu." Mume wangu Mose ana duka Keroka, nikimpigia ananiambia, "Huyo ni babangu, namjua, atakuja tu." Na shangazi, wacha niseme ukweli, mzee alipokataa nilifurahi kidogo, kwa sababu aliwahi kuwaambia wageni kwamba ugali wangu wa wimbi hata ng'ombe angeomba maji ya kuumezea, lakini sasa mvua ikipiga mabati usingizi hauji, namuwaza yeye tu kule chini. Nifanye nini?

Bochaberi

Bochaberi mwanangu, hukutaka jambo hili lisikike kanisani, ukaona heri gazetini, na jina la mzee juu yake. Haya, siri imekwisha, tuendelee.

Pole kwa hofu hiyo. Lakini kufurahi mzee akinyeshewa, kisa ugali? Huo ugali punguza unga, halafu tuzungumze mambo ya maana.

Kosa lenu ni hili: mmempa mzee njia mbili tu, mto au sebule yako, naye kwa heshima zake amechagua mto. Mtafutieni ya tatu. Hakosi mtu wa rika lake huko juu, wa kunywa naye chai na kuwasema vijana wa siku hizi. Huyo ndiye amwalike akalale kwake mpaka mvua hizi ziishe. Wewe usimwalike tena, mwaliko wako ndio uliomkalisha mvuani. Na ng'ombe apandishwe leo, asingoje filimbi, kwa sababu ng'ombe akiwa juu mzee hana la kumrudisha chini. Dawa zake, kitambulisho na hati ya shamba mfunge kwenye mfuko wa plastiki, utundikwe karibu na mlango. Chagueni njia isiyovuka kijito, muitembee pamoja na watoto. Simu zikae na chaji, na filimbi ikilia hakuna wa kurudi kuchukua kitu, hata redio.

Mose naye afunge duka Jumapili aje amsaidie babake kuhama. "Atakuja tu" si mpango, ni uvivu wa mtu aliye mbali na maji.

Na maji yakiwatangulia, fungua mlango, mshike mzee mkono, mwingize. Atanung'unika. Mwache anung'unike akiwa amekauka. Wazee watakaa baadaye walitengeneze jambo hilo, mila zetu hazikosi namna. Aibu ya baba mkwe kuketi sebuleni kwako itaisha chai ikiisha. Ile ya kumzika, na nyumba yako ilikuwa kavu, hutaimaliza maisha yako yote. Weka gazeti chini, mpigie Mose.