Meno ya Upande wa Kulia

Salatiga, 12 Septemba 1979

Kwa Kaka Harjanto,

Nakusalimu, maana mama alitulea tusalimiane hata tukinuniana. Natumaini goti lako limepoa na wifi hajambo. Mimi mzima. Mume wangu hali, halali, na aliyemfikisha huko ni wewe.

Jumapili zamu ya kikao cha wakusanya stempu ilikuwa kwetu. Nilikuwa jikoni tangu alfajiri, nikakukaangia na tempe, ile soya iliyochachushwa, kwa kuwa naijua roho yako. Ukala ukashiba, ukajifuta vidole, kisha bila hata kuomba ukafungua albamu ya mume wangu Wiryono na kuchomoa ile stempu ya miaka ya vita vya uhuru, ambayo hajawahi kuipeleka mbele ya waamuzi wenzake wa mashindano. Ukailaza juu ya karatasi nyeusi, ukachukua lenzi. Ukawaonyesha watu kwamba matundu ya kuchania ya kulia hayatazamani na ya kushoto, na kwamba meno ya upande huo yamepinda kama mshono wa mlevi. Ukasema upande huo ulitoka mtamboni bila matundu, na kama ungeachwa hivyo, mji mzima usingekuwa na stempu ya kuifikia kwa thamani.

Halafu ukamwuliza mbele ya watu kumi na wanne, “Shemeji, haya meno kayatoboa nani? Posta au wewe?”

Wiryono akasema, “Mimi.”

Mkasema anayechezea stempu hafai kuamua za wenzake, mkalifuta jina lake kwenye orodha ya waamuzi papo hapo, juu ya meza yangu. Pak Sudarmo, ambaye hanunui stempu mpaka Wiryono aitazame kwanza, aliondoka bila kuaga. Tangu siku hiyo albamu haijafunguliwa. Jana nilimtuma dukani akakataa, ati watu watamnyooshea kidole. Mwanaume wa miaka hamsini na mbili, Kaka, anajificha nyuma ya pazia.

Sasa nisikilize vizuri. Baba alipofariki ulibeba albamu zake zote tisa za stempu. Nilipolia angalau nipate kitu cha kumkumbuka, ulinitupia stempu moja isiyo na matundu upande wa kulia, ukacheka ukasema, “Chukua kibogoyo wako.” Umesahau. Mimi sijasahau.

Ndiyo hiyo hiyo. Nilitaka kumpa Wiryono siku ya harusi, nikaona aibu kumpa mchumba stempu kibogoyo. Nikaipitisha chini ya sindano ya cherehani la mama, bila uzi. Ni mimi niliyeyatoboa. Na Jumapili nilisimama mlangoni nikiyasikia yote, nikafyata mkia. Hilo najilaumu mwenyewe, sikusingizii.

Usiku ule wa Jumapili nilimwuliza Wiryono kwa nini amejitwika kosa langu. Akaniambia aliyatambua matundu siku ile ile ya harusi, na kwamba stempu nyingine zote alizonazo zilitengenezewa watu wote, ila hiyo alitengenezewa yeye.

Kikao kijacho ni kwako. Nitakuja. Ama nikute umeshalirudisha jina lake, ama nitasimama mimi niwaambie nani aliitoboa, na nani aliitupa kwa kutojua alichoshika.

Wasalimie wifi na watoto, nawapenda kama zamani. Wewe tutaonana.

Ni mimi mdogo wako, mtoboa stempu,
Retnaningsih