Wimbo Wenye Nafasi ya Jina

Kahororo, Jumapili

Maneno yote yamempotea, wimbo umebaki. Tangu Mama apate kiharusi, hata "maji" hawezi kusema. Mdomo unahangaika, halafu anakasirika, anageukia ukutani.

Leo nilikuwa namenya ndizi kando ya kitanda chake, nikajikuta naimba ule wimbo wa kubembeleza watoto aliotulelea kule Muleba. Akaudakia! Kihaya chake kikatoka kizima, kila neno mahali pake. Kisu kikanidondoka.

Labda ndivyo binadamu tulivyoanza, tukiimba kabla hatujajua kusema. Sijui. Mimi nilitaka jambo moja tu.

Wimbo ule una nafasi ya jina, na kila mama huweka la mtoto wake. Tulipofika hapo nikanyamaza ili aijaze mwenyewe. Nilitamani anitaje, hata mara moja, kabla...

Akaimba, "Koku."

Jina la marehemu dada yangu, tuliyemzika akiwa bado ananyonya.

Iliniuma. Mimi ndiye ninayemwogesha, mimi ndiye ninayemlisha. Akaliimba tena, macho kwangu, anasubiri.

Nikaitika.