Papa Amisi Anasikiliza Karata

Mama yangu mupenzi,

Nakusalimia wewe na watu wote wa hapo Wamaza. Goti lako linaendelea namna gani? Na muhogo, nguruwe wa pori wamewaachia kitu? Mimi niko muzima. Baridi ya Ubelgiji ingali inaniuma vidole, lakini kazi iko.

Kazi yenyewe ni kumutunza Papa Amisi, muzee wa kwetu Kabambare aliyezeekea huku. Macho yake yalizimika mwaka jana, na tangu hapo aliacha poka, ule muchezo wa karata aliocheza kila Jumapili na majirani wakiweka maharagi mahali pa pesa. Wakija kumuona, alikuwa anageukia ukuta. Nikamuambia kwamba nitamunong'onezea karata kwa Kibangubangu, luga ya kwetu, na hakuna atakayeelewa. Kisha akaomba shati lake jeupe.

Basi wakaketi watano. Papa alipata kile kiti ambacho, karata za mezani zikifunguliwa, wengine wote wanasema kwanza kama wanaweka kitu, na yeye wa mwisho. Nikamunong'onezea zake mbili: tisa na nane. Wenzake waliotangulia wakatupa zao. Yeye akaongeza maharagi machache tu, na aliyebaki kumufuata ni Madame Godelieve, jirani wa ghorofa ya juu.

Mezani wakafungua tatu za wote: mufalme, tisa, mbili. Wote wawili hawakuongeza kitu. Ya nne ikatoka, Godelieve akaweka konzi moja ya maharagi, Papa akafuata, akaweka sawa naye. Ya tano ikatoka, na Godelieve akasukuma yote aliyokuwa nayo. Nikamukumbusha Papa kwamba ana jozi ya tisa tu, na mufalme amekaa pale: mwenye mufalme mwingine mukononi anamushinda. Akainamisha kichwa, kama mutu anayesikiliza mvua ikiwa bado mbali.

“Ninafuata,” akasema.

Godelieve akafunua. Hakuwa na kitu, alitaka tu kumutisha Papa atupe zake. Akaniuliza kwa upole kama nilichungulia karata zake. Papa ndiye akamujibu.

“Ukiwa na karata nzuri, unapumua kwanza ndipo unasukuma. Leo hukupumua.”

Nikamuuliza kwa nini alianza na maharagi kidogo vile.

“Ningeweka mengi, wote wangekimbia. Nilitaka mutu mumoja abaki, nimusikie.”

Mama, mimi ndiye ninamufungia vifungo vya shati. Nilidhani muzee huyu amekaa gizani peke yake, kumbe sisi wote tulikuwa wazi mbele yake. Hata sasa nikiingia chumbani mwake ninaingia kwa heshima nyingine.

Wageni walipoaga, alisimama mwenyewe, mukono ukutani, akawasindikiza hadi mulangoni. Aliporudi akaniambia kwamba tangu mama yake afariki, hakuna mutu aliyemunong'oneza sikioni kwa Kibangubangu. Nikamushika mukono tukakaa.

Nisalimie dada Mwamini na mapacha wake, mujomba Saidi anayetengeneza baiskeli Kasongo, na shangazi muuza samaki wa Nyangwe. Mungu awafunike.

Mimi mutoto wako,
Feza