Hina Badala ya Dawa ya Chupa

Jumanne, 3 Agosti 1954

Jairo, dereva wa lori, ameleta kifurushi kutoka kwa mume wangu Mika. Miaka sita yuko migodini Kopabeliti, huko Rodeshia, barua tatu tu — leo kifurushi! Ndani mna sabuni mbili, kitambaa cha kichwa, na chupa ya dawa ya kutia nywele weusi. Na kikaratasi: Enesi, paka hii, nakuja mwezi huu.

Chupa imefika nusu. Haikuvuja, nimeitazama vizuri. Nusu ya kwanza imeishia kichwani mwa nani?

Na nani kamwambia nina mvi? Alipoondoka sikuwa na hata moja.

Jumatano, 4 Agosti

Nimemshuku Leah, nikamwuliza usoni. Ni dada yake Mika, jirani yangu hapa Nanyala. Mumewe, Ezron, alikwenda migodini pamoja na Mika, na huu ni mwaka wa pili hajaandika.

— Wifi, wewe ndiye unayempelekea kaka yako habari za kichwa changu?

Akakubali bila haya. Alimwandikia kaka yake kuuliza habari za Ezron. Mvi zangu alizitaja tu ili kujaza ukurasa. Jibu hakupata. Mimi nimepata chupa, yeye hata neno moja. Ajabu.

Jioni nimejaribu dawa kidogo nyuma ya sikio. Ugali haujaiva, ngozi inawaka moto!

Jumamosi, 7 Agosti

Sikio limevimba, linatoa maji. Na huyo mwanamke wa huko alijipaka kichwa kizima akavumilia? Basi anampenda sana.

Nimepanda lori hadi Tunduma, kwa Bi Mwanaidi, mke wa mwenye duka la nguo. Mtu wa pwani, mzee kunizidi, kichwani hana mvi hata moja. Anatumia hina. Nikamwambia mimi ni Mkristo. Akacheka sana. Hina ni majani, mwanangu, hayaendi msikitini wala kanisani.

Sikumwamini. Nikataka ajipake yeye kwanza kiganjani. Akajipaka! Tukakaa tukakitazama kiganja chake kama mgonjwa. Hakikuvimba. Nimerudi na unga wa kutosha vichwa viwili.

Jumatatu, 9 Agosti

Nimekoroga hina kwa chai ya rangi nzito na ndimu. Nimepaka asubuhi, nikafunga jani la mgomba, nimeosha saa tisa. Haikuwasha hata kidogo. Inanuka kama majani makavu yaliyonyeshewa.

Nywele nyeusi zimebaki nyeusi. Mvi zimekuwa nyekundu kama udongo wa barabarani! Leah anasema nimependeza. Mwinjilisti Yonasi kaniuliza kama nimebadili dini. Nikamwuliza kama amebadili macho.

Lakini Mika atasemaje? Labda amezoea kichwa cheusi cha mtu mwingine.

Alhamisi, 12 Agosti

Amekuja! Anasema basi lilimpitisha kituo. Alishuka mbele, akarudi kwa mguu kupitia mashambani. Kwa nini?

Ana miaka hamsini na mbili, na nywele nyeusi tii kama masizi ya chungu. Kwenye paji la uso ana vidonda hadi kwenye nyusi. Kumbe nusu ya chupa ilikuwa yake mwenyewe! Anasema mgodini wenye mvi hurudishwa kwao, ndiyo maana kila mwezi alikuwa akipaka. Nimecheka hadi machozi. Siku tisa namchukia mwanamke ambaye hayupo.

Nikataka kumwita Leah. Akanishika mkono — kesho, leo nimechoka. Tangu lini mtu akachoka kumwona dada yake?

Ijumaa, 13 Agosti

Asubuhi nimefua koti lake. Mfukoni situpa, kile cheti cha kazi cha Rodeshia. Nimekisoma mara tatu. Jina: Ezron. Umri: miaka thelathini na mmoja.

Kumbe kule mgodini alikuwa akifanya kazi kwa jina na umri wa mume wa Leah.

Sikusema kitu. Nikapika chai, nikakamua ndimu, nikamwambia njoo nikupake hina, uachane na dawa inayokula ngozi. Akakubali kama mtoto. Nikampaka taratibu pembeni ya vidonda, nikafunga jani, nikakaza kitambaa. Ndipo nikamwekea situpa magotini.

Akakigeuza kifudifudi. Hina ilimchuruzika shingoni, hakuifuta.

— Yeye hakihitaji tena, akasema.

Tangu lini? Tangu mwaka juzi. Amekufaje? Akaniambia kwanza nifunge mlango.

Sikuwahi kuufunga. Leah uani! Hodi, hodi, Jairo kaniambia kaka amefika! Mika akanitikisia kichwa: usiseme. Nikasema nafuata kitambaa kikavu. Niko chumbani, naandika haya juu ya goti, nawasikia kupitia ukutani.

Leah anacheka. Anamtania kaka yake: mwanaume mzima umefungwa jani kama chungu cha pombe! Mika naye anacheka. Anajua kucheka.

Sasa ameuliza. Sauti imeshuka. Na Ezron wangu, kaka?



— Mzima. Anakusalimu.

Vigelegele! Leah anapiga vigelegele, ananiita. Wifi, toka, njoo usikie mwenyewe!