Kwako Mama Mapovu wa Wodi ya Watoto Njiti

Mwaka umetimia leo, mama, tangu upigwe hadi kufa ukiwa kazini, saa nne asubuhi, watu wote wakiona. Walituambia tuandike kwenye tangazo hili kwamba umetwaliwa. Hukutwaliwa. Ulipigwa kwa stendi ya dripu, na tutaandika hivyo hivyo.

Ulikuwa na mdomo, na hakuna kati yetu aliyewahi kukushinda. Ulitukataza sukari huku chai yako ukiitia vijiko vinne. Kila mgeni aliyefika nyumbani ulimpa glasi ya maji na mrija, ukamwambia apulize, kisha ukamweleza kazi yako apende asipende: mtoto njiti, aliyezaliwa kabla ya wakati, anapewa hewa kwa vijipira viwili puani, hakuna kumwingiza kitu kooni, na mpira wa kutolea hewa unaishia ndani ya chupa ya maji. Maji yanaibana ile hewa kidogo, mapafu yasijikunje. Mapovu yakichemka, mambo yanakwenda. Ndiyo maana wenzako walikuita Mama Mapovu, nasi tukakuita hivyo tulipotaka kukuchokoza.

Wazazi nao uliwapulizisha mrija kwanza, kabla hawajamwona mtoto. Siku ile hukuwahi. Yule baba alikuwa amefiwa na pacha mmoja alfajiri, na wa pili akaanza kubadilika rangi mikononi mwako. Ukamfunga mipira upesi, maelezo ukayaacha baadaye.

Akaingia. Akaona mpira puani mwa mwanawe, akaufuata kwa macho mpaka kwenye chupa inayochemka.

"Mnamzamisha mwanangu," alisema. "Na mwenzake mmemuua hivi hivi."

"Baba, maji hayamfikii. Njoo nikuonyeshe."

Muuguzi mwenzako ndiye aliyetusimulia. Pigo la kwanza lilivunja chupa. La pili lilikupata begani, la tatu kichwani, na damu yako ikaruka mpaka ukutani. Ulimwinamia mtoto, mkono mmoja umeshikilia vile vijipira visichomoke. Walinzi walipomwangusha yule bwana chini na kumkanyaga, wewe ulikuwa bado hujaachia.

"Leteni chupa nyingine," ulisema. "Maji mpaka alama ya tano."

Hukusema kingine tena. Tuseme ukweli, mama, maana unafiki uliuchukia: hilo lilituuma kuliko damu. Hukututaja hata mmoja.

Mwezi wa tatu baada ya kukuzika, mwanao mkubwa alichukua nondo, akaenda nyumbani kwa yule mtu, ingawa alijua mwenyewe yuko mahabusu. Alitaka kuvunja tu, iwe mlango, iwe mbavu. Alivunja madirisha mawili. Aliyefungua mlango ni mkewe, yule pacha uliyemshikilia amefungwa kifuani, analia kwa sauti ya kutoboa masikio. Mwanao alisimama pale na nondo yake mpaka mtoto akabembelezwa, akanyamaza. Alirudi nyumbani akalala siku mbili.

Yule bwana sasa anatumikia kifungo. Hatujamsamehe, na asitokee mtu wa kutuhimiza.

Mkewe ametuomba mara mbili mwanawe atajwe kwenye tangazo hili. Mara zote mbili baba yetu alimfungia mlango usoni. Juzi alikuja tena. Safari hii baba hakufunga. Mtoto akaingia ndani kwa kutambaa, akajiinua kwa kushika mguu wa meza ambayo baba hutengenezea saa, akasimama, akapumua kwa kishindo kama mtu aliyetoka kubeba mzigo. Baba alimtazama. Kisha akachukua kalamu, akaongeza mstari kwa mkono wake mwenyewe.

Unakumbukwa na mumeo fundi saa, mwanao mkubwa, binti zako wawili, dada yako mshonaji, wauguzi wote wa wodi yako, na huyu mtoto wako wa mwisho.

Hututoki moyoni, mama.