Mfalme wa Baba na Shujaa wa Papa

Cato Manor, Durban
Jumapili jioni

Mama mpendwa,

Shikamoo. Kabla sijauliza habari za nyumbani, tazama kama Baba yuko karibu. Kama yuko, mtume akaangalie ng'ombe, ndipo uendelee kusoma. Haya. Goti lako linaendeleaje na baridi hiyo ya Wundanyi? Mimi ni mzima, ila tumbili wa huku waliingia dirishani wakala mkate wangu wote, na mmoja alinitazama usoni akitafuna bila haya.

Mama, nimeharibu. Leo nilikwenda kujitambulisha kwa baba yake Furaha, yule binti wa Lubumbashi anayesuka nywele saluni, niliyekutumia picha yake. Wanakaa Greyville, kwenye fleti juu ya kiduka chao cha simu. Papa, ndivyo wote wanavyomwita, alikuwa mwalimu wa historia huko kwao, kama Baba kabisa, na sawa na Baba hajaacha kufundisha, ila amekosa darasa. Furaha alinionya mapema: Papa akisema neno, wewe itikia tu. Na mimi nampenda binti huyu, Mama. Nampenda hata nimekubali kuita kisamvu sombe, kama wao.

Tulikuwa tunakula vizuri, Papa akaniuliza jina langu kamili.

"Richard Mwakio," nikasema.

Akaweka tonge chini. "Richard? Ule mfalme wa ba-Anglais?"

Nikasema ndiyo, Baba alinipa jina la yule mfalme wa Waingereza mwenye moyo wa simba, aliyekwenda kupigania Yerusalemu katika vile vita vya msalaba. Papa akamwita mwanawe mkubwa, fundi wa simu. "Godefroid! Kuya hapa! Unaona huyu? Nilimupa jina ya mwenye aliingia Yerusalemu. Belge! Sanamu yake iko Bruxelles, juu ya farasi. Mfalme yako, yeye, aliingia?"

Hapo ningeitikia tu. Lakini unajua ninachosomea huku. Tasnifu yangu nzima inahusu jinsi mataifa ya Ulaya, mamia ya miaka baada ya vita hivyo, yalivyowafufua wapiganaji wale na kila taifa likawageuza kuwa babu zake. Wabelgiji walipopata nchi walihitaji shujaa upesi, wakamchukua mtu aliyekufa kabla Ubelgiji haijasikika popote, wakampandisha farasi wa shaba. Waingereza wakamsimamisha nje ya bunge lao mfalme ambaye hakukaa sana Uingereza, na lugha yake ilikuwa Kifaransa. Wafaransa nao walipowekewa kumbi za kumbukumbu za vita hivyo katika ikulu ya zamani ya wafalme wao, koo nyingine zilinunua hati za kughushi ili ionekane babu yao naye alikwenda. Ni kama wale wanaofika matangani wakalia kuwashinda wafiwa.

Basi nikayamwaga yote mezani. Nikamwambia Papa kwamba shujaa wake hakuwa Mbelgiji, hakuna cha kubishana. Godefroid, aliyekuja na sahani yake, akaiinamia. Papa akasema polepole, "Fiston, mtoto yangu, wa kwetu aliingia Yerusalemu. Wa kwenu alifika karibu, akarudia nyuma."

Na mimi msomi, ninayewacheka Wazungu tangu mwaka wa kwanza, nikasimama na tonge mkononi nikapaza sauti: "Mfalme wetu aliugua!"

Wetu, Mama! Mtoto wa Wundanyi! Furaha alikimbilia jikoni akacheka huko mpaka sufuria zikaanguka. Papa hakucheka. Aliinuka akaingia chumbani akafunga mlango. Godefroid alinisindikiza hadi kwenye robot, ndivyo wanavyoita taa za barabarani huku, akaniambia, "Eish, ndugu yangu. Papa anasema mambo yako imekwisha."

Sikufichi, nimelia kidogo. Nikimkosa Furaha kwa ajili ya wapanda farasi wa Kizungu sitajisamehe. Kwa hiyo ile safari ya Baba ya kuja kuniposea, mwambie ndege zimejaa. Akikutana na Papa, na anavyompenda mfalme wake, itakuwa kumwaga petroli motoni.

Jumanne

Mama, aliyekuwa abebe barua hii hajasafiri bado, na ni heri. Godefroid alikuja leo.

"Papa anauliza, baba yako ni mwalimu wa historia kweli?"

Nikasema kweli.

"Na ule mfalme, anamuamini?"

"Kuliko anavyomwamini daktari wake."

"Sharp, ni vizuri. Basi umuite. Papa anasema weye unasoma vitabu ya kuharibu mashujaa yote, haiko mtu wa kubishana naye. Anataka mwenye iko na shujaa yake. Siku ya kwanza bataongea Yerusalemu. Siku ya pili bataongea Furaha."

Furaha anasema tangu wahamie Durban babake hajapata mtu wa kubishana naye. Wateja wa duka wanataka chaja tu. Kumbe mzee hakukasirika kwa kuwa nilibisha, alikasirika kwa kuwa nilitaka kuumaliza ubishi. Nilicheka kwa furaha mpaka jirani akagonga ukuta.

Kwa hiyo mwite Baba atoke huko kwa ng'ombe. Mpe miwani na barua yote, hata pale nilipomsengenya mfalme wake. Aje na suti, na tafadhali asimshinde Papa kabla ya siku ya pili.

Nisalimie shangazi wa kwaya, na mjomba wa kinu cha posho. Mdogo wangu aliye chuo cha ualimu mwambie achague hisabati.

Mwanao akupendaye,
Mwakio
(Richard nimempumzisha kidogo)

N.B. Furaha yuko hapa, anakusalimu. Anasema wazee wabishane watakavyo, lakini binti yetu wa kwanza ataitwa Mkamburi, kama wewe. Nilimuuliza kwa nini. Akanijibu, "Huyu, hakuna mtu atakuya kutubishia kama ni wa kwetu."