Picha Iliyoitikia Salamu

Mgeta, Morogoro,
14 Septemba 2024.

Mpendwa kaka Dominiko,

Shikamoo. Hali yako, na ya shemeji Maria na watoto? Baridi ya Kanada imewaacha salama? Sisi huku hatujambo. Goti la mama humsumbua asubuhi, lakini likishapata jua anapanda shambani kunishinda mimi.

Kaka, siku ile ulipopiga ukasema umeanza kuusahau uso wa mama, neno lile liliniuma. Miaka kumi na mmoja si mchezo, na mtandao wa huku milimani kila ukipiga unamgandisha akiwa amefumba macho. Nikajiuliza, seremala asiyeweza kumpelekea kaka yake sura ya mama, randa anaishikia nini?

Basi nimeunda kamera. Usicheke. Ni sanduku la mbao za mkangazi linalonifika kifuani, lina mikunjo ya turubai jeusi, na lenzi nimeing'oa kwenye mashine mbovu ya fotokopi kule mjini. Filamu ni za eksirei zilizopita muda wake, kanipa rafiki yangu Gervas aliyestaafu kazi ya kupiga eksirei hospitalini. Picha yake ni pana kama sinia la wali.

Majirani walipoliona sanduku wakaniuliza kwa sauti ya chini nani katutoka. Mama akawajibu mwenyewe kutoka jikoni kwamba bado yupo.

Kamera hii inataka mtu atulie sekunde nane, na mama unamjua. Nilimkalisha barazani, pale inapopita njia ya kwenda kwenye malori ya mboga. Filamu ya kwanza iliingiwa na mwanga, ya pili nikakosea dawa, ikabaki moja. Nikamsihi, hata akipita askofu asijibu. Akakubali. Nimehesabu hadi tatu, mara Upendo jirani yetu huyo, tenga la karoti kichwani: "Shikamoo bibi." Mama akaitikia marahaba, akauliza na habari za watoto.

Nilikasirika, nikufiche nini. Sikusema naye mpaka jioni. Akaniambia, "Laurenti, salamu ya mtu haiachwi ikining'inia kwa ajili ya sanduku."

Nilipoisafisha filamu ile kule stoo na kuichapa kwenye karatasi ya picha, nilikaa chini. Mikono imetoka hata sugu za jembe unazihesabu, na maneno ya kanga yanasomeka. Uso ndio umetikisika kidogo, macho yanacheka. Kaka, ndiye yeye hasa. Katika picha zetu zote za zamani amekaza uso kama yuko mbele ya hakimu. Nililia, kisha nikaenda kumwomba radhi.

Nimeikunja ndani ya bomba la plastiki, itoe taratibu. Nimemwambia mama umeomba likizo ya Krismasi, naye keshaanza kukutengea maharage, kwa hiyo usiniaibishe.

Mke wangu Jesca anakusalimu, Gervas pia. Mungu akufungulie njia ya kurudi nyumbani.

Na ukiikunjua picha, kaka, mwamkie kwanza. Mama ameshafungua mdomo.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Laurenti